Kifungu cha Ndugu wa Karibu

Mama Chokaa alifika asubuhi, chai haijatoka jikoni, na alipofunguliwa mlango akakataa kukaa. Alisimama katikati ya sebule, viatu mkononi, kama mtu aliyeingia wodini. Mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima uliendelea kumwita Mkunga hata baada ya kumpigia kura na kumpeleka Bungeni, naye akajikuta amesimama tu, taulo begani, hajui aanzie wapi.

"Wiki ya tatu hii, dada," alisema Mama Chokaa. "Kituo cha kwanza wananiambia nenda cha pili. Cha pili wananiambia rudi cha kwanza. Jana askari mmoja, kijana ninayeweza kumzaa, kaniambia, 'Mama, mtu huyo hatunaye. Una uhakika ulizaa?'"

Mkunga alikuwa na uhakika. Yeye mwenyewe ndiye aliyempokea Chokaa duniani, katika zahanati iliyokuwa haina umeme siku hiyo, na bado alikumbuka jinsi mtoto alivyokataa kulia mpaka alipopigwa kofi la pili. Alipokua akawa mchukuzi wa mizigo sokoni. Alikuwa akibeba mifuko ya chokaa ya ujenzi, anarudi nyumbani mweupe pepepe kuanzia nywele hadi kope, na jina likamganda hapo.

Siku bomu lilipolipuka sokoni, watu wote walikimbia kuelekea barabarani. Chokaa alikimbia kuelekea kwenye moshi. Alimbeba mgongoni binti wa Mkunga, akamlaza kwenye mkokoteni wake na kuusukuma mpaka hospitali, kisha akarudi kuchukua wengine. Safari ya tatu hakurudi: polisi walimkamata. Shati lake lilikuwa limelowa damu, na kamera ya duka moja ilimwonyesha akikimbilia mlipuko wakati wenzake wanaukimbia. Mtu anayekimbilia bomu, walisema polisi, analijua.

"Sikuombi umtoe," alisema Mama Chokaa. "Naomba mniambie yuko wapi. Kama amekufa, nikae matanga. Kama yuko hai, nimpelekee sweta. Kifua chake hakipendi baridi."

Mlango wa chumba ukafunguka. Binti akatokea kwa magongo, taratibu, mguu wa kushoto ukiishia chini kidogo ya goti. Alikuwa mtoto wa mwisho, na nyumbani walimwita Kitinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu."

Wakatazamana. Mmoja alikuwa hai kwa sababu ya mwana wa mwenzake, na mwana huyo hakuwa akionekana kwa sababu hiyo hiyo. Mama Chokaa akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka bila kunywa chai.

"Mama," alisema Kitinda, "ule muswada wenu upite."

"Na Chokaa akiwa ndani?"

"Chokaa atoke, na sheria ipite."

"Mwanangu, huo muswada unasema mtu anaweza kuwekwa ndani siku tisini bila kupelekwa mahakamani. Hata walioshikwa tayari. Chokaa ni mmoja wao. Huwezi kupata vyote viwili."

"Si nyie ndio mnaotunga? Tungeni inayowezekana." Akageuza magongo kurudi chumbani. "Waliofanya hivi wako nje, mama. Wanakula, wanalala. Mimi ndiye nisiyelala."

Hilo lilikuwa kweli. Juzi jirani aliangusha sufuria uani, na Kitinda, binti wa miaka ishirini na mbili, akajikojolea palepale kwenye kochi. Baba yake alibeba foronya akaenda kuifua mwenyewe, na akaianika nyuma ya nyumba mahali ambapo hakuna ambaye angeiona.

*

Baba huyo alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, kikitazama barabara. Tangu siku ile alikuwa hatii zipu kwenye nguo. Mteja akileta suruali, alimwambia vifungo vinapendeza zaidi. Ni yeye aliyemtuma Kitinda sokoni kununua zipu, na hakuna mtu aliyewahi kumlaumu kwa hilo, na ndiyo maana hakupata mahali pa kuuweka mzigo huo.

"Kwa hiyo utasemaje?" alimuuliza mkewe, macho kwenye sindano.

"Nitapeleka marekebisho. Mtu akishikwa, ndani ya wiki mbili aonwe na hakimu. Na ndugu zake waambiwe alipo, waruhusiwe kumwona. Basi. Sheria yenyewe siigusi."

"Chama kitakuelewa?"

"Hakitanielewa."

Fundi akakata uzi kwa meno. "Mimi nataka waliofanya hivi wafungwe mpaka wasahau rangi ya jua. Nakwambia ukweli, Mama Kitinda. Siku nyingine nakaa hapa nawanyonga mmoja mmoja kwa mikono yangu." Akatia uzi mwingine. "Lakini nikimfikiria yule kijana anavyosukuma mkokoteni, huku anamwambia mwanangu, 'Usilale, dada, usilale'... Sijui. Sheria ni msumeno. Shida yangu ni aliyeushika anaangalia wapi."

"Hilo hasa ndilo ninalotaka kusema."

"Basi liseme hivyohivyo. Usiwapelekee Kiswahili cha Bungeni."

*

Lango la Bunge lilikuwa limebadilika. Zamani mbunge alipunga mkono tu akapita. Sasa kulikuwa na matofali makubwa ya saruji barabarani, mbwa wa kunusa, na askari wenye bunduki waliopekua mikoba ya waheshimiwa mbele ya wafagiaji. Wabunge wengi walinung'unika. Mkunga hakunung'unika, ila alipoambiwa avue viatu alimkumbuka Mama Chokaa sebuleni mwake, na uso ukamwaka.

Mnadhimu wa chama alikuwa amemwita ofisini. Alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale, na kwa sauti hiyo alikuwa amewamaliza wanasiasa wengi.

"Mwanangu, nimesoma marekebisho yako. Si mabaya. Kama tungekuwa nchi nyingine, wakati mwingine, mimi ningekuwa wa kwanza kuyaunga mkono. Lakini wananchi wanataka kuona Bunge limesimama kama mtu mmoja. Leo ukisimama wewe, tena wewe ambaye mwanao... watasema hata mama wa majeruhi ana wasiwasi na Serikali."

"Nina wasiwasi kweli, mzee."

"Wasiwasi ni wa nyumbani. Hapa ni kura." Akatabasamu. "Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika..."

Akaishia hapo. Neno la mwisho likabaki likining'inia chumbani, na wote wawili wakalitazama. Mnadhimu akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena.

"Nisamehe," alisema. "Ulimi hauna mfupa."

"Si kitu, mzee," alijibu Mkunga, na akainuka.

*

Ukumbi ulijaa siku ya mjadala. Hata wale wabunge ambao hujulikana kwa viti vyao vitupu walikuwa wamekuja, suti zimenyooka, maana kamera zilikuwa nyingi.

Waziri aliyewasilisha muswada alisema vizuri. Mkunga, aliyetaka kumchukia, hakuweza. Siku ya mlipuko mtu huyo alikuwa ameonekana hospitali ameshika upande mmoja wa machela, tai imetupwa begani, na hapakuwa na mpiga picha. "Mheshimiwa Spika," alisema, "tuliwahi kumkamata mmoja wao mwaka jana. Tulimfikisha mahakamani haraka, kama sheria inavyotaka. Ushahidi ulikuwa haujakamilika. Akapewa dhamana, akavuka mpaka. Leo tunajua ndiye aliyefundisha waliotushambulia. Mnanitaka nirudi tena kuzika watu nikiwaambia wafiwa kwamba nilifuata utaratibu?"

Meza zilipigwa mpaka vikombe vya maji vikacheza. Waliofuata walisema yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Mmoja alitaka magaidi wanyongwe hadharani. Mwingine alilia machozi, na Mkunga hakuweza kujua kama ni ya kweli.

Zamu yake ilipofika, alisimama bila karatasi.

"Mheshimiwa Spika, wengi mnajua kilichoipata nyumba yangu. Sitakieleza. Naunga mkono nia ya muswada huu. Lakini kabla sijaja humu nilikuwa mkunga. Mama akija kujifungua, tunamwingiza ndani, tunafunga mlango. Ndugu wanabaki nje. Hawaoni kitu, hawasikii kitu isipokuwa kelele. Lakini wanajua yuko nyuma ya mlango ule, wanajua jina langu, na jambo likiharibika wanajua wa kumuuliza. Mimi nimefanya kazi miaka mingi nikijua kuna watu nje ya mlango. Imenifanya nifanye kazi vizuri. Naomba askari wetu nao wajue kuna watu nje ya mlango. Hakimu awe mmoja wao. Mama wa mtu awe mwingine."

Kutoka viti vya nyuma, sauti moja ikapaa:

"Nenda basi ukawazalishe magaidi!"

Kicheko kikapasuka. Si wote waliocheka, lakini walitosha. Spika aligonga nyundo, akaagiza maneno hayo yafutwe. Yakafutwa katika kumbukumbu. Mkunga aliketi, akashika ukingo wa meza, akaona kwamba jirani yake wa kushoto, ambaye walizoea kula pamoja, alikuwa anachunguza kucha zake.

*

Wakati wa mapumziko ya chai, Waziri alimfuata kwenye korido, karibu na dirisha. Mnadhimu alisimama hatua chache nyuma yake, kikombe mkononi, kama mshenga.

"Mheshimiwa, nimekusikiliza," alisema Waziri. "Tuzungumze kama watu wazima. Suala la hakimu siliwezi. Likipita hilo, muswada wangu hauna meno. Lakini la ndugu, naliweza. Ndugu wa karibu waambiwe mtu wao alipo, na wamwone. Nitasimama mwenyewe niseme Serikali inakubali."

"Na mimi?"

"Utaondoa la hakimu. Na muswada utauunga mkono kwa sauti inayosikika."

"Nikikataa?"

Mnadhimu alijibu, kwa upole: "Ukikataa, mwanangu, yatapigiwa kura yote mawili na yataanguka yote mawili. Unazijua hesabu za humu ndani. Utarudi nyumbani na heshima yako, na yule mama atarudi kituo cha kwanza."

Mkunga alitazama nje. Mtunza bustani alikuwa anakata majani ya ua, akirudi nyuma kila mara kutazama kama yamenyooka. Alijaribu kufikiria mtu mwenye msimamo angefanya nini, yule mtu wa kwenye hotuba. Angekataa. Angetoka nje ya ukumbi kichwa juu, magazeti yangeandika. Kisha akajaribu kumfikiria Mama Chokaa akisoma gazeti hilo, na Mama Chokaa hakuwa anajua kusoma.

Lakini siku tisini. Kuna mengi yanaweza kumpata mtu ndani ya siku tisini bila hakimu, na yeye, kwa mdomo wake, angekuwa ameyaruhusu. Si kwa Chokaa peke yake. Kwa akina Chokaa wa kesho ambao hakuwazalisha yeye, na ambao mama zao hawana mbunge wa kumgongea mlango asubuhi.

"Neno 'ndugu wa karibu' maana yake nani?" aliuliza mwishowe.

"Wanasheria wataliandika," alisema Waziri.

"Na wasiambiwe baada ya mwezi. Siku mbili."

"Siku tatu."

"Haya," alisema Mkunga. Lilitoka dogo kuliko alivyotaka.

Jioni ile Spika aliuliza: wanaoafiki waseme ndiyo. Ukumbi ukanguruma. Katikati ya ngurumo hiyo hakuna ambaye angejua kama mwanamke mmoja amefumba mdomo, lakini Mnadhimu alikuwa ameketi mkabala naye, anamtazama. Mkunga akasema ndiyo. Wachache waliosema siyo walisikika mmoja mmoja, kama watu wanaokohoa msibani, na alimjua kila mmoja kwa sauti yake.

*

Nyumbani, Kitinda alikuwa ameangalia yote kwenye televisheni. Alimkumbatia mama yake kwa mkono mmoja, gongo likiwa kwenye mkono wa pili. "Asante, mama," alisema. Halafu akarudi nyuma kidogo akamtazama. "Mbona kama umetoka mazishini?"

"Nimechoka tu."

Siku iliyofuata Mkunga alikwenda mwenyewe kwa Mama Chokaa, kwa miguu, asije akasikia kwa watu. Alimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Alimweleza yote, na lile la korido pia. Hakujipamba.

Mama Chokaa aliendelea kuchambua, akitoa kijiwe, akitoa kingine.

"Kwa hiyo mmekubaliana akae," alisema.

"Tumekubaliana uambiwe alipo."

"Na akae."

"Na akae. Mpaka siku tisini, kama hawana la kumshitaki."

"Wewe umesema ndiyo."

"Nimesema ndiyo."

Mama Chokaa akapeta ungo, makapi yakaruka. Hakumtukana, wala hakumshukuru. Mkunga alikaa pale kwenye kigoda akisubiri kimojawapo, kama mgonjwa anayesubiri sindano, mpaka akaelewa kwamba hakipo. Akaaga. Alipofika mlangoni, akasikia nyuma yake:

"Wakiniambia alipo, sitaki kwenda peke yangu."

*

Waliambiwa. Sheria ilipoanza kutumika, askari alikuja mpaka nyumbani kwa Mama Chokaa, akasimama mlangoni kwa adabu, na kumtajia gereza lililo nje ya mji. Fundi aliazima gari la mteja wake akawapeleka. Mama Chokaa alipakata sweta. Kitinda alikuwa ameng'ang'ania kuja. Mama yake alipomuuliza sababu, alisema tu, "Kuna mtu ananidai asante."

Fundi alibaki garini. Ndani ya lango kulikuwa na chumba cha kungojea, benchi ndefu mbili, na meza ambayo nyuma yake aliketi askari wa kike, mtu mzima, miwani puani. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Wanaoruhusiwa ni ndugu wa karibu tu. Mzazi, mume au mke, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Wengine hapana."

Mkunga alikijua kifungu hicho kwa moyo. Wanasheria walikuwa wamekiandika kifupi, na yeye alikisoma akashukuru kwamba kimeandikwa.

"Mimi ndiye mama yake," alisema Mama Chokaa.

"Wewe pita. Mheshimiwa, nakufahamu, na pole sana kwa yaliyowapata. Ila utanisamehe. Hii mmetutungia wenyewe."

"Hakuna ubaya," alisema Mkunga.

"Na huyu?"

Kitinda alisogea mbele. Magongo yalilia kwenye sakafu. "Mimi ni dada yake."

Askari alivua miwani. Alimtazama Kitinda, paji la uso pana, macho yaliyokaa mbalimbali. Akamtazama Mkunga, paji lilelile, macho yaleyale. Hakuhitaji kuwa mpelelezi.

"Tumbo moja?"

"Ni mwanangu," alisema Mama Chokaa, na akamshika Kitinda mkono, akamvuta kwake, kwa namna mzazi anavyomvuta mtoto anayechelewesha safari. "Mwanangu wa mwisho."

Askari akabaki ameshika miwani yake. Kisha, polepole, akamgeukia Mkunga. "Mheshimiwa, hawa watu unawafahamu. Ni kweli anachosema?"

Mkunga alikuwa amekula kiapo mbele ya taifa zima kuilinda sheria, na hii alikuwa ameinunua kwa bei ambayo bado ilimnyima usingizi. Kitinda hakumtazama. Alitazama mlango wa chuma, taya zimekaza, na Mkunga akaona kwamba mwanawe anatetemeka, na kwamba pamoja na kutetemeka anataka kuingia.

"Ni kweli," alisema. "Ni binti wa mama huyu."

"Haya," alisema askari. Akavaa miwani, akachukua funguo. "Ndugu wawili. Nifuateni."

Mlango ulifunguliwa, ukafungwa. Magongo yalisikika kwa muda yakienda mbali, kisha hayakusikika tena.

Mkunga hakujua siku ile kwamba Chokaa angeachiwa kabla siku tisini hazijatimia, bila mashtaka na bila samahani, akiwa na kifua kitakachomsumbua mpaka uzee. Wala hakujua kwamba mtu mmoja katika wale waliofungiwa chumba kimoja naye kweli alihusika na bomu, na angekiri katika wiki ya mwisho ya zile siku tisini, na kwamba Waziri angelitaja jambo hilo Bungeni kila mara atakapoulizwa, naye Mkunga angeketi akisikiliza, asijue apige meza au asipige. Alichojua ni kwamba amebaki nje ya mlango.

Alikaa kwenye benchi. Mwanamke mmoja aliyekuwa hapo, kapu miguuni, akasogea kumpa nafasi, akamtazama kwa huruma ya wenye shida moja.

"Na wewe, dada, umemfuata nani?"

Mkunga akageuka kutazama. Askari mwingine alikuwa amekaa mezani sasa, anasikiliza nusu nusu.

"Mimi sina mtu hapa," alisema. "Nimewasindikiza majirani."